UCHUNGUZI WA MAISHA YA WATU: SOMO KUTOKA SOKO LA KENYATTA

Mnunuzi akitaka kujua uzito wa gunia la mahindi hulitia kwenye mizani. Hamwamini muuzaji kwa maneno matupu, wala hayaamini macho yake mwenyewe. Lakini ni ajabu kwamba watu hao hao, waonao haja ya mizani kwa gunia moja, husema juu ya maelfu ya binadamu pasipo kipimo chochote. Utamsikia mtu akisema, "Wachuuzi wa mjini hawajui kuweka akiba," au, "Mtaa ule una watu milioni nzima," na wasikilizaji huitikia kwa kichwa. Nani aliwapima wachuuzi hao? Nani aliwahesabu watu wa mtaa ule?

Elimu ya jamii, yaani elimu ichunguzayo namna watu wanavyoishi pamoja, ina mizani yake. Mizani hiyo ni uchunguzi wa kuwauliza watu kwa utaratibu. Katika somo hili twataka kueleza jinsi uchunguzi huo ufanywavyo, na mahali unapoweza kumpotosha mtu asiyeangalia. Soko la Kenyatta, Nairobi, litakuwa darasa letu.

DARASA LETU

Soko la Kenyatta liko upande wa kusini-magharibi wa katikati ya jiji, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na Kibera si mbali. Wakazi wa Nairobi walijua soko hili kwa mambo mawili hasa: nyama choma na ususi wa nywele. Moshi wa makaa humpokea mgeni kabla hajafika, na akiingia huona akina mama na wasichana wameketi, kila mmoja amezungukwa na mikono miwili, minne au hata sita imsukayo kwa haraka. Wako pia mafundi wa cherehani na wauzaji wa nguo na vyakula.

Sasa tuseme kwamba siku moja soko kama hili latakiwa kutengenezwa upya. Patajengwa vyoo, patawekwa mabomba ya maji, na vibanda vipya vitagawiwa wale wafanyao kazi hapo. Swali la kwanza ni hili: ni watu wangapi wafanyao kazi hapo? Mtu wa haraka atahesabu milango ya vibanda na kuandika jawabu. Lakini katika kibanda kimoja huenda akawamo mwenye kibanda, mpangaji wake, wasusi watatu wanaolipia viti kwa siku, na binti anayejifunza kazi. Huyo aliyehesabu milango ameandika mtu mmoja, na kumbe wako sita. Siku ya kugawa vibanda, watano hawatakuwamo katika daftari. Wala haitakuwa kwa sababu mtu aliwachukia, bali kwa sababu swali liliulizwa vibaya.

Basi msomaji aone tangu mwanzo kwamba jambo hili si mchezo wa wanafunzi wa chuo kikuu peke yao. Asiyehesabiwa hana fungu.

WALIOTUTANGULIA

Kazi hii ina historia. Katika jiji la London, tajiri mmoja wa meli aitwaye Charles Booth alianza mwaka wa 1886 kuchunguza hali ya wakazi, mtaa kwa mtaa. Alichora ramani na kuzitia rangi njia za mji kwa kadiri ya utajiri au umaskini wa wenyeji wake. Aliona kwamba watu 30.7 katika kila 100 walikuwa katika umaskini, nao ulikuwa ndio mji mkuu wa dola iliyojiona tajiri kupita zote. Mwaka wa 1899 Seebohm Rowntree aliuchunguza mji wa York, nyumba kwa nyumba za wafanyakazi, akaona jambo karibu na lile lile.

Wakati huo huo, katika mji wa Philadelphia, Marekani, W. E. B. Du Bois, mtaalamu Mwafrika wa nchi ile, alibisha hodi katika nyumba za watu weusi wa Wadi ya Saba kwa muda wa miezi mingi ya mwaka wa 1896 na wa 1897. Watu wengi walisema umaskini wa mtaa ule ulitokana na tabia ya watu weusi. Du Bois aliuliza, akaandika, akahesabu, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1899 alionyesha jinsi ubaguzi katika kazi na katika nyumba za kupanga ulivyowafunga watu wale. Mzee huyo alifariki Accra, Ghana, mwaka wa 1963.

Afrika ya Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Katika miaka ya 1950, Aidan Southall na Peter Gutkind walichunguza Kisenyi na Mulago, vitongoji vya Kampala. J. A. K. Leslie alichunguza maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam katika mwaka wa 1956 na wa 1957, na kitabu chake kikatoka mwaka wa 1963. Mwaka wa 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi Duniani walitoa taarifa yao juu ya kazi na mapato katika Kenya. Taarifa hiyo ilisema jambo ambalo wakubwa wengi hawakupenda kulisikia: kwamba fundi wa chini ya mti, mchuuzi na mshonaji hawakuwa wavivu waliokosa kazi. Walikuwa kazini, wakizalisha mali, na kuwafukuza kulikuwa hasara kwa nchi. Leo watu hao waitwa watu wa jua kali, na takwimu za serikali ya Kenya zimeonyesha kwamba zaidi ya wafanyakazi 8 katika kila 10 wako katika kundi hilo, kando ya mashamba madogo.

HESABU YA KIBERA

Mfano mkubwa kuliko yote uko karibu na soko letu. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba Kibera ina watu milioni moja, na wengine walizidisha. Magazeti yaliandika hivyo, wageni wakarudia, na wenye kuomba misaada wakaandika hivyo katika barua zao. Kila mmoja alimtegemea aliyemtangulia, na wa kwanza hakuwa amehesabu.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2009 sensa ya watu ilifanywa katika Kenya nzima. Matokeo yake yalipotangazwa mwaka wa 2010, Kibera ilionekana kuwa na watu 170,070. Wengi walishtuka, na wengine walikataa, wakisema kwamba watu wameachwa. Kushuku si kosa, kwa maana hata sensa ina makosa yake: kuna asiyekuwa nyumbani, kuna aogopaye, na kuna njia isiyopitika usiku. Lakini karibu na wakati ule watafiti wengine pamoja na vijana wa mahali pale walikuwa wamehesabu watu wa kijiji kimoja cha Kibera kiitwacho Kianda, kisha wakakisia Kibera nzima kwa kadiri ya hesabu hiyo. Wao walipata jumla iliyo kati ya laki mbili na laki tatu. Njia mbili zilizo mbalimbali hazikukubaliana kabisa, lakini zote mbili zilikuwa mbali sana na milioni.

Je, kulikuwa na madhara gani kuzidisha? Mtu aweza kusema kwamba hesabu kubwa huleta msaada mkubwa. Sivyo. Anayepanga visima, zahanati na madarasa kwa hesabu ya uongo atajenga mahali pasipofaa, na mwaka wa pili atasema kazi haiwezekani. Tena, taabu ya watu 170,000 wasio na vyoo vya kutosha haihitaji kutiwa chumvi ili iwe taabu. Kweli yenyewe yatosha kumwumiza mwenye moyo.

KUONJA MCHUZI

Sensa huuliza watu wote, nayo ni kazi ya serikali, kwa kuwa gharama yake ni kubwa. Uchunguzi wa kawaida huuliza wachache kwa niaba ya wengi. Wachache hao huitwa sampuli. Msomaji atauliza: wachache wawezaje kusema kweli juu ya wengi?

Mpishi haonji sufuria nzima. Huukoroga mchuzi, akachota kijiko kimoja, akajua kama chumvi imekolea. Wala hahitaji kijiko kikubwa zaidi kwa sababu sufuria ni kubwa. Ahitaji kukoroga tu. Lakini mbavu za mbuzi juu ya makaa haziwezi kukorogwa. Upande huu umeungua, upande ule ungali na damu, na anayeonja ncha moja atadanganyika. Watu wa soko ni kama nyama hiyo: wa mbele si kama wa nyuma, na mwenye kibanda si kama mwenye kiti. Kwa hiyo twapaswa kuchagua vipande vya kuonja kwa kura, wala si kwa kupenda.

Namna ya kupiga kura ni hii. Kwanza andika orodha ya wote wafanyao kazi sokoni, pamoja na wasio na vibanda. Tuseme wamepatikana watu 600, nawe wataka kuuliza 60. Utachukua mtu mmoja katika kila 10. Andika nambari 1 hadi 10 katika vikaratasi, uvikunje, umwambie mtoto aokote kimoja. Ikitokea 4, utaanza na mtu wa 4 katika orodha, kisha wa 14, wa 24, wa 34, na kuendelea hadi mwisho. Ukimkuta mmoja hayupo, usimchukue jirani yake kwa sababu yuko karibu na ana uso mkunjufu. Rudi mara ya pili na ya tatu. Mara nyingi asiyepatikana ndiye mwenye kazi nyingi kuliko wote, au ndiye mgonjwa, na wote wawili maisha yao si kama ya yule anayeketi akipiga soga.

Idadi nayo ina kanuni yake. Ukichagua kwa kura watu 100 kutoka katika umati mkubwa, jawabu lako huweza kupotoka kwa kadiri ya watu 10 katika kila 100, juu au chini. Ukiuliza 400, upotofu hupungua kuwa kama 5. Ukiuliza 1,600, huwa kama 2 na nusu. Yaani kupunguza kosa kwa nusu yataka kuongeza kazi mara nne. Ndiyo sababu watafiti wengi husimama kati ya mia kadhaa na elfu mbili.

Lakini wingi bila kura ni bure. Mwaka wa 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipeleka kadi zipatazo milioni 10 kuwauliza watu watamchagua nani awe Rais, na zaidi ya milioni 2 zilirudishwa. Gazeti likatangaza kwamba Alfred Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Siku ya kura Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Gazeti lilikuwa limechukua majina ya watu wengi katika orodha za wenye simu na wenye motokaa, na maskini wa miaka ile ya dhiki hawakuwa na simu wala motokaa.

KUULIZA NI KAZI YA ADABU

Sasa tumempata mtu wa kumwuliza. Tuseme mtafiti kijana amefika kwa msusi, akaanza hivi:

"Mama, mapato yako kwa mwezi ni shilingi ngapi?"

Mama atamtazama, atatazama na karatasi yake, naye atawaza juu ya kodi na askari wa jiji. Atajibu: "Mapato gani, mwanangu? Tunasukuma siku tu."

Hajasema uongo. Ameulizwa jambo asiloliweka katika daftari, na mtu asiyemjua. Mtafiti mwenye busara huanza kwa salamu, hueleza ametoka wapi na jawabu litatumiwa kwa kazi gani, kisha huuliza jambo la karibu:

"Jana ulisuka vichwa vingapi, mama?"

"Vitatu."

"Wateja hao watatu walilipa jumla ya shilingi ngapi?"

"Elfu tatu."

"Waliokusaidia kusuka uliwapa ngapi?"

"Wawili, nikawapa mia sita sita."

"Na nywele za kusukia, na kiti?"

"Nywele mia tano, kiti mia tatu."

Tufanye hesabu. Amepokea shilingi 3,000. Ametoa 1,200, na 500, na 300, jumla 2,000. Zilizobaki mkononi mwake ni 1,000. Aliyeandika 3,000 angekuwa ameandika mara tatu ya kweli.

Tena siku moja si siku zote. Kazi ya ususi huzidi mwisho wa juma na wakati wa sikukuu, na nyama choma hupata walaji wengi siku za mapumziko. Anayekwenda sokoni kila Jumanne asubuhi tu atasema biashara imekufa. Aendaye Jumamosi jioni tu atasema watu wametajirika. Basi siku nazo zichaguliwe kwa kura kama watu.

Maneno ya swali nayo yapimwe. "Je, hukubali kwamba choo cha soko ni kibaya?" Swali hilo limekwisha kujijibu. "Je, maji na taa zinatosha?" Hayo ni maswali mawili katika kapu moja, ajibuye "ndiyo" amejibu lipi? Hata neno "nyumba" lina mtego. Ukiuliza, "Nyumbani kwako mko wangapi?" mmoja atahesabu walio chumbani Nairobi, mwingine atahesabu na mke na watoto walioko mashambani. Katika sensa ya Kenya watu wa kaya moja ni wale wanaoishi pamoja na kula kutoka chungu kimoja, na yafaa kumweleza mtu hivyo kabla ya kumwuliza. Mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aulizwe kwa matukio: je, ilipotangazwa Hali ya Hatari mwaka wa 1952, au ilipopatikana Uhuru mwaka wa 1963, alikuwa amezaliwa?

KUSOMA MAJIBU

Majibu yakija, usikimbilie wastani. Tuseme watu watano walibaki na shilingi 400, 500, 600, 700 na 4,800. Jumla ni 7,000, na ukigawa kwa tano wapata 1,400. Lakini wanne katika watano hawakuzidi nusu ya hizo 1,400. Wapange kwa safu kutoka chini kwenda juu, umtazame wa katikati: ana shilingi 600. Huyo ndiye atakayekuonyesha hali ya watu wengi. Anayeweka kodi ya kibanda kwa kufuata 1,400 atawafukuza wanne ili amtoze mmoja.

Tena usidhani kwamba mambo mawili yakienda pamoja, moja limemzaa mwenzake. Huenda ukaona kwamba wasusi walio katika chama cha kuchangiana wana mapato makubwa kuliko wenzao. Je, chama kimewatajirisha? Au waliokuwa na fedha ndio walioweza kuingia katika chama? Hesabu peke yake haitajibu. Hapo ndipo mtafiti huweka karatasi chini, akaketi na watu siku nyingi, akasikiliza.

HAKI YA ANAYEULIZWA

Msomaji, siku moja mtu mwenye karatasi, au mwenye simu ya kuandikia majibu, atakuja kwako. Ujue haki yako. Muulize ametumwa na nani, na ana kibali gani. Katika Kenya utafiti huombewa kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu. Muulize kama jina lako litaandikwa, na nani atalisoma. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 imelinda habari za mtu zisitumiwe ovyo. Katika uchunguzi wa namna hii waweza kukataa, au kuacha katikati, au kupita swali usilolipenda. Ukikubali, basi sema kweli, maana jawabu lako litasimama mahali pa majirani wengi ambao kura haikuwaangukia.

Na mtafiti naye ana deni. Watu wa mitaa iliyo karibu na soko letu wameulizwa mara nyingi, na wengi hawajapata kuona hata ukurasa mmoja wa yaliyoandikwa juu yao. Aliyechukua saa moja ya msusi amechukua fedha yake. Arudi sokoni, awakusanye watu, awaambie kwa lugha wanayoielewa: mlituambia hivi, tumeona hivi, je, tumekosea wapi? Mara nyingi mama mmoja atasimama na kusahihisha kosa ambalo wataalamu hawakuliona.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Chagua soko lililo karibu nawe. Andika aina zote za watu wafanyao kazi humo. Ni aina gani ingesahauliwa na mtu anayehesabu vibanda tu?

2. Soko lina watu 240, nawe wataka kuuliza 30. Utachukua mmoja katika kila wangapi? Onyesha utakavyoanza.

3. Geuza swali hili liwe jema: "Je, hukubali kwamba mapato na usalama wa soko vimepungua?"

4. Taja jambo moja ambalo kila mtu wa kwenu husema juu ya watu wa mtaa fulani. Je, aliyelisema kwanza alihesabu? Kama hujui, wewe utaanzaje kuhesabu?